Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Matembezi ya Bustani ya Kijapani, Portland

Ndugu wanachama,

Habari za ada na mfuko wa misiba zimo katika taarifa ya mweka hazina, sitazirudia. Nitazungumzia zaidi matembezi yetu ya Novemba katika Bustani ya Kijapani hapa Portland, Oregon, maana ndiyo yaliyozua maneno mengi kuliko jambo lingine lolote mwaka huu.

Lalamiko kubwa ni la fedha: kwa nini tulipe kiingilio ilhali bustani ya mawaridi iko hapo chini tu, na ni bure? Ni swali la haki. Bustani hii inaendeshwa na shirika lisilo la faida, na kazi yake ni ya mikono. Tulimkuta mtunzaji juu ya ngazi akipunguza msonobari kwa vidole, kitawi kimoja kimoja, vilivyokufa akividondosha kwenye turubai. Waliolima miongoni mwetu walisimama pale muda mrefu kuliko penye maporomoko ya maji.

Kwenye ua wa mchanga na mawe ndipo ubishi ulipoanza. Hakuna maua wala majani. Kuna changarawe nyeupe iliyopigwa reki ikafanya mistari, na mawe machache. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, akaniuliza, "Mwenyekiti, sasa hapa wanavuna nini?" Tulicheka sana. Kisha tukaelezwa kwamba jiwe refu ni Buddha, na yale mafupi ni chui milia wenye njaa, ambao katika hadithi ya kale Buddha aliwatolea mwili wake ili waule. Mama akarudi kuyatazama upya, safari hii bila mzaha.

Ila mimi nililolishika zaidi ni historia. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, serikali ya Marekani iliwaondoa majumbani watu wa asili ya Kijapani wa pwani hii, wengi wao wakiwa raia. Wa Portland walifungiwa kwanza katika majengo ya maonyesho ya mifugo, kisha wengi wakapelekwa kambi ya Minidoka, Idaho. Miaka 25 baadaye, 1967, mji uleule ukafungua bustani hii, iliyochorwa na Profesa Takuma Tono wa Tokyo, mahali palipokuwa bustani ya wanyama zamani. Katika chama chetu wapo waliokaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, na Kakuma, Kenya. Sidhani kama tulitupa fedha kuwapeleka watoto wao mahali penye habari hiyo.

Yako ya kurekebisha. Tulikwenda kundi kubwa mno, na sauti zetu mnazijua. Vijia ni vyembamba, na mawe ya kukanyagia yamepangwa makusudi ili mtu aende polepole. Wazee wenye magoti mabovu waliteseka kwenye ngazi. Picha chini ya miti ya maple yenye majani mekundu zilisababisha foleni, nami nilikuwemo.

Kamati inapendekeza turudi Juni, maua ya irisi yakichanua kando ya daraja la mbao, katika makundi madogo, wazee wakitumia njia isiyo na ngazi. Chakula tutakula baadaye kwenye nyasi za bustani ya mawaridi, ambako watoto wanaweza kupiga kelele. Wanaopinga wasimame waseme mkutanoni. Kura itapigwa baada ya taarifa ya katibu.