Manjano na saratani: mtuambie na kipimo

Ndugu Mhariri,

Habari kwamba manjano yanaua seli za saratani zimeenea mno, na sasa unga wake unauzwa sokoni kwa jina la dawa ya kansa. Nina ombi: mnapoziandika habari hizi, mtutajie na kipimo.

Kiini kinachozungumzwa ni kurkumini, ndicho kinachoyapa manjano rangi ile inayong'ang'ania kwenye kucha na kwenye kinu. Kweli, maabara kikiwekwa moja kwa moja juu ya seli za saratani, nyingi hufa au huacha kugawanyika. Lakini mgonjwa anakimeza. Utumbo hukifyonza kidogo sana, na hicho kidogo ini hukibadilisha upesi, hata kinachobaki kwenye damu ni kiduchu.

Huko Houston, Marekani, wagonjwa 25 wa saratani ya kongosho walipewa kurkumini ya vidonge, gramu 8 kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: wawili tu walionyesha dalili za kunufaika, na mmoja wao uvimbe ulinywea kwa muda mfupi tu. Sasa tupige hesabu. Kurkumini ni kama asilimia 3 ya unga wa manjano. Kufikisha gramu 8, mtu ale zaidi ya robo kilo ya unga kila siku! Huyu anayeuziwa kijiko cha kutia kwenye maziwa ya moto anauziwa nini?

Wengine huongeza pilipili manga. Ni kweli piperini iliyomo husaidia kurkumini kufyonzwa, ila inaweza pia kulizuia ini lisivunje dawa nyingine, mgonjwa akazidiwa na dawa za hospitali. Na vidonge vya manjano vimeshaumiza maini ya watu Italia na Marekani.

Kinachoniuma zaidi ni muda unaopotea. Saratani ya titi na ya shingo ya kizazi zikiwahiwa hutibika. Mama akikaa miezi anakunywa unga huku uvimbe unakua, atakapofika Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, huenda kilichobaki ni kumtuliza maumivu.

Mchuzi wa samaki tuendelee kuutia manjano bila hofu. Ila aliye kwenye matibabu ya saratani au dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari kila unga na kila kidonge anachotumia. Nanyi, utafiti mpya ukitoka, semeni wazi umefanywa kwa seli, kwa panya au kwa watu.

Msomaji wenu,
Tanga