Zuhura, usikatae kituo kabla hujasoma hii

Uvinza, Kigoma
Julai 2024

Shoga yangu Zuhura,

Hujambo wewe? Mama na mtoto hawajambo? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Ujumbe wako nimeupata. Kumbe zahanati uliyopangiwa iko ukanda wetu huu! Nilifurahi mpaka nikaenda kumwambia mwalimu mkuu. Kisha nikafika pale unaposema watu wa Tabora wamekutisha, kwamba unakwenda kupotelea porini na sokwe, na kwamba unafikiria kukataa. Hapo nikaona ujumbe wa simu hautoshi.

Nianze na huo msitu wanaokutishia. Wewe umezoea miombo ya Tabora, jua linapenya mpaka chini. Huku pia miombo ndiyo mingi. Lakini ukiifikia milima ya Mahale upande wa ziwani, mambo yanabadilika. Unyevu wa Ziwa Tanganyika unapanda mlimani, unakutana na baridi ya Nkungwe, kilele cha mita 2,462, na mvua inamwagika hapo hapo. Mabonde ya upande huo yana msitu mzito, kijani hata mwezi huu ambao kwenu nyasi zimekauka. Vijito tunavyochota maji vinatoka milimani, na miti ikikatwa kule juu, sisi wa chini tunaona kiangazi hicho hicho.

Wazee wengi wa Kitongwe asili yao ni humo ndani. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na mwaka 1985 eneo likatangazwa Hifadhi ya Taifa. Kwa hiyo usishangae bibi akikutajia bonde lililo ndani ya hifadhi kama anayetaja uwanja wa nyumba yao. Ni kwao kweli. Ukija ukawachukulia kama watu wasiojua kitu, watakuamkia vizuri, watapokea dawa zako, na hawatazimeza.

Acha nikupe kisa kimoja, wewe muuguzi kitakufaa. Mwaka 1987 kule Mahale mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuatilia sokwe jike aliyekuwa mgonjwa, pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mwenye ujuzi wa mitishamba. Sokwe yule akavunja tawi la mti mchungu sana, akamenya ganda, akawa anatafuna kiini chake na kumeza maji yake. Kalunde ndiye aliyemweleza mwenzake kwamba ule ni mjonso, na Watongwe nao wanautumia kwa tumbo na homa. Siku iliyofuata sokwe alikuwa amepata nafuu. Wawili hao wakaandika pamoja, na wanasayansi wa nchi za mbali wakaanza kusoma habari za dawa ambayo bibi zetu huku walikuwa wakiichemsha siku zote. Nakuambia haya ili ukija ukae nao kwanza, uulize, usikilize. Halafu ndipo uwaambie kuhusu dawa mseto na chandarua.

Kazi yako inaugusa msitu pia. Sokwe wanaambukizwa kifua chetu, na kinawaua. Ndiyo maana wageni wanaokwenda kuwaona Mahale huvaa barakoa na kukaa mbali nao. Vijana wetu wanaofanya kazi ya kuongoza wageni na kubeba mizigo wanalala kijijini na wadogo zao wanaokohoa. Ukimtibu mtoto mmoja mafua makali, umewakinga na wale wa mlimani.

Sasa ugumu. Sitakuficha. Ugumu wa huku, Zuhura, ni umbali. Barabara ya kuja kutoka Ilagala kuelekea Kalya ipo, lakini masika ikishika, bodaboda zenyewe zinasukumwa. Liemba, meli iliyobeba watu wa mwambao huu tangu enzi za babu zetu, imesimama ikisubiri matengenezo. Tumebaki na boti za mbao. Na miezi hii ya kiangazi kusi linavuma, ziwa linachafuka, nahodha mwenye akili haondoki.

Mwaka jana jirani yangu alishikwa na uchungu usiku, siku ya upepo. Mtoa huduma wetu alikuwa amekwishaondoka, kama walivyoondoka waliomtangulia. Tukakaa na mkunga wa jadi, mama mwenye moyo na mikono miwili tu, tukisubiri ziwa litulie. Asubuhi boti iliondoka. Mama alipona. Mtoto hatukumpata. Ndiyo sababu ninakuandikia kwa nguvu hivi. Watu wa hapa hawaombi hospitali ya ghorofa. Wanaomba mtu anayejua kazi, atakayekuwepo usiku.

Fedha nazo ni za msimu. Hivi sasa hali ni ngumu kidogo kwa sababu ziwa limefungwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Naiunga mkono hatua hiyo, maana wavuvi wenyewe wanasema siku hizi unawasha taa usiku kucha na kurudi na ndoo chache. Lakini mwanamke anayeishi kwa kuanika dagaa mwaloni hana mshahara wa kungojea. Wengine wamerudi kwenye mihogo. Wengine, nasikitika kusema, wamepanda juu kuchoma mkaa na kufungua mashamba mapya kando ya vijito. Vikoba ndivyo vinavyotushika. Cha kwetu hukutana kila wiki, na mikopo mingi ya mwezi huu imekwenda kwenye chakula na daftari za watoto.

Unauliza kama kuna maisha ya mbele huku. Yapo, nami nayaona. Michikichi kwanza. Tangu Waziri Mkuu Majaliwa aivalie njuga mwaka 2018, miche ya aina ya Tenera inazalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Kihinga na watu wanaipanda. Inazaa mapema na kutoa mafuta mengi kuliko ile ya zamani. Ila mimi napigia kelele jambo moja kwenye mikutano: ipandwe kwenye mashamba ya zamani, isifyekewe msitu. Pili, msitu wenyewe. Wenzetu wa Wilaya ya Tanganyika, upande wa Katavi, wana vijiji vinavyolipwa kwa kutunza misitu ya Ntakata kupitia biashara ya hewa ukaa, yaani wanaochafua hewa kwingine hulipia misitu inayoinyonya, na fedha zimeingia kwenye madarasa na afya. Wazee wetu wanaisikia habari hiyo na kuuliza zamu yetu lini. Ni swali la haki. Huwezi kumwambia mtu alinde mti kwa ajili ya dunia nzima huku mwanawe anakosa karo ya bweni.

Watoto ndio wanaonikesha. Shule ya sekondari iko mbali, wanaofaulu wanapanga vyumba, wasichana wa miaka kumi na minne wakijipikia wenyewe katikati ya watu wazima. Wapo wanaorudi na mimba. Nataka wakuone wewe, mwanamke aliyesoma, anayekaa hapa hapa na kula mihogo na dagaa kama wao, waongee nawe yale ambayo kwa mwalimu hawayasemi.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: ukija, njoo kwa miaka. Ukija kwa nia ya kuripoti na kuanza kutafuta uhamisho, bora ukatae sasa, apangiwe mwingine. Nimekwisha kuwaona akina mama wakizoea uso mmoja, kisha uso huo ukapotea, na baada ya hapo hawaji kliniki tena.

Ukikubali, panda treni, shuka Kigoma, nitakuja kukupokea stesheni. Usisafiri na godoro, tutanunua mjini. Lete taa ya sola yenye betri nzuri, koti la mvua, viatu vya mpira na chandarua kipya. Tukingoja boti siku mbili mjini usikasirike, tutalala kwa shangazi Ujiji. Mtoto njoo naye, darasa la tatu ninalifundisha mimi mwenyewe.

Nisalimie mama sana.

Wako,
Tausi