Salehe, Ng'ombe Wasubiri Kwanza

Kongwa, Dodoma

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ni vumbi na upepo tu. Ujumbe wako nimeupata, na picha za mitamba wa Boran, hao ng'ombe wa nyama wenye miili mikubwa, nimeziona. Wazuri kweli, sibishi. Ila nakuomba hicho kiinua mgongo kikae benki kwanza, tuzungumze habari ya nyasi.

Shamba la Pandambili ulionyeshwa mwezi Machi. Machi huku kila mtu ni tajiri: nyasi kiunoni, malambo yamejaa, na aliyekuuzia hakukosea kukupeleka wakati ule. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Desemba, au mwishoni mwa Novemba zikituhurumia, na Aprili ndiyo basi. Baada ya hapo ng'ombe anakula akiba iliyosimama shambani, na ikishaliwa haioti nyingine mpaka mvua irudi. Kwa hiyo idadi ya ng'ombe wako anaipanga Oktoba, Machi hana lake.

Njoo mwezi wa tano, nyasi zikiwa zimekomaa. Tutafunga fremu ya miti, mita moja kwa mita moja, tuirushe huku na huku: penye nyasi nzito na penye vipara vilevile, usiniletee ujanja wa kuchagua. Kila inapoangukia tunakata kwa mundu kilichomo, tunaanika mpaka kikauke kabisa, tunapima. Tuseme wastani umekuja gramu 200. Hizo ni tani 2 kwa hekta. Ekari zako 20 ni kama hekta 8, basi una tani 16. Nusu waachie udongo na mizizi, usiiguse. Umebakiwa na tani 8. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kilo 6 na ushee za nyasi kavu kwa siku. Miezi saba ya kiangazi anamaliza kama tani 1.3. Gawanya mwenyewe. Wanakuja sita, nawe umeniandikia habari za ishirini.

Najua utaniambia majirani zako wana makundi makubwa. Wanayo, lakini hawayalishi kwenye ekari 20. Ng'ombe wao wanahamishwa, na baada ya mavuno wanaingizwa kwenye mabua ya mtama na mahindi. Mabua hata wewe unaweza kuyanunua, na mwaka mbaya yatakuokoa. Usiyaweke tu kwenye hesabu ya kudumu.

Tena sita haohao wanaweza kukuulia shamba ukiwaachia watembee watakavyo. Siku moja simama umtazame ng'ombe anavyokula. Ataziruka nyasi zilizokomaa, aende kung'ata palepale alipokula juzi, kwa sababu pana chipukizi laini. Chipukizi hilo limetolewa kwa akiba ya mizizi. Akilikata kabla halijairudisha, na tena na tena, mizizi inafupika, shina linakufa, na penye kipara linaota gugu la Kongwa, ambalo ng'ombe hana habari nalo. Hilo ling'oe kabla halijatoa maua. Shamba ligawe vitalu, kimoja kinaliwa, vingine vinapumzika. Seng'enge ya kuzungushia vyote itakumalizia hela; mimi ningeanza na mchungaji mzuri, mtu mzima wa hapahapa, nikamlipa vizuri. Anaona mapema kuliko sisi wakati kitalu kimechoka.

Kwenye vipara panda Cenchrus, nyasi ya malisho inayovumilia ukame. Kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI kiko hapa Kongwa, uanzie huko kuulizia mbegu, na uulize zilivunwa lini, maana zikiwa mpya kabisa hulala, haziko tayari kuota. Usizifukie chini sana, ni nyepesi kama manyoya. Ardhi hii ndiyo Waingereza waliyoilima kwa matrekta mwaka 1947 wakitaka karanga, wakashindwa, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekwisha. Leo ranchi ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, ipo hukohuko. Nyasi inaikubali.

Kuhusu Boran, mimi nina wasiwasi. Mwili mkubwa ni tumbo kubwa. Nunua mitamba wa kienyeji, hawa zebu wetu, kisha utafute dume la kuazima, la Boran au la ile mbegu ya Mpwapwa. Kwa majike sita, kufuga dume lako ni kulisha mgeni mwaka mzima. Dume aingie Aprili, majike wakiwa wamenenepa. Mimba ni miezi tisa na siku kadhaa, kwa hiyo ndama wanaanguka Januari, nyasi mbichi zipo na maziwa yapo.

Kupe usiwachukulie poa. Watu wanadhani kitalu kikipumzika kupe wanakufa njaa, kumbe wanaweza kukaa miezi bila kula. Josho liko palepale, na ndama wachanjwe ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe haohao. Maji nayo: kiangazi ng'ombe mmoja anaweza kunywa debe moja na nusu kwa siku, ulizia lambo lako linakauka mwezi gani, na usimuulize aliyekuuzia. Agosti tutalima njia ya kuzuia moto kuzunguka mpaka. Moto kichaa ukipita usiku mmoja, zile tani 8 umezisahau.

Biashara yenyewe ni ya polepole. Kwa nyasi tupu, bila pumba wala mashudu, dume wa kienyeji atakuchukua kama miaka minne kufika sokoni. Pale mnadani Msalato mnunuzi anampima kwa macho na hakuongezei hata shilingi kwa sababu kala nyasi. Uza Juni, ngozi ikiwa inang'aa. Anayengoja Oktoba anauza mbavu. Kama una watu wako huko Dar wanaotaka nyama ya namna hiyo, waambie mapema mafuta yake ni ya njano, wasije wakadhani ng'ombe alikuwa mgonjwa.

Ukija, pitia Kariakoo uninunulie mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kilo 10. Mundu ninao. Mama Neema anakusalimu na anauliza kama mtakuja na shemeji, apange chumba.

Wako,
Yohana