Ya kila siku siyasahau, ya mara moja yananiponyoka

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41, afya yangu njema na kazini hakuna anayenilalamikia. Kuamka, kuandaa watoto, kufunga milango, kukamilisha hesabu za siku: yote hayo nayafanya bila hata kuyafikiria. Kinachonishinda ni kile kijambo kinachokuja mara moja tu, kama kurudisha kitabu cha mtu au kupiga simu saa tisa.

Mwezi uliopita dada yangu alinipa bahasha niipeleke ofisi moja iliyo hatua chache tu kutoka njia yangu ya kila siku. Niliitia mkobani makusudi, mfuko ule ule wa funguo, ili isinipotee akilini. Siku tisa niliigusa kila nilipotafuta funguo, na siku tisa nilirudi nayo nyumbani. Pale pa kukata kona, miguu ilinyoosha tu kama ilivyozoea. Siku ya kumi dada akapiga simu. Muda wa kupokea fomu ulikuwa umekwisha jana yake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, siku nyingine nitamtuma mtu mwingine." Maneno hayo yananiuma mpaka leo, maana mimi ndiye niliyemwambia aniachie.

Nimejaribu kubandika karatasi ukutani, lakini baada ya siku mbili macho hayaioni tena. Nimetega kengele ya simu. Ililia nikiwa na povu mikononi, nikajifuta, nikaizima, nikarudi kwenye vyombo. Nilipomaliza kusuuza sahani ya mwisho, jambo lenyewe lilikuwa limeshafutika.

Kisha nikasoma juu ya Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliyeandika mwaka 1999 kuhusu kupanga kwa namna ya "likitokea hili, nitafanya lile", yaani jambo unalifunga kwenye tukio badala ya kuliacha lielee. Nikajiambia: nikivua viatu tu, nampigia mama. Kweli, mama sasa hamalizi wiki bila kunisikia, na nimefurahi sana. Ila hilo limekubali kwa sababu viatu navivua kila siku, na simu yenyewe imegeuka mazoea.

Kwa jambo la siku moja nifanyeje, Shangazi? Ile kona haibadiliki. Leo ni ile ile ya jana, hakuna cha kunishtua kwamba leo nina bahasha. Je, nibebe mkoba kwa mkono nisiouzoea? Nipite njia nyingine kabisa siku hiyo? Au kuna mbinu wewe au wasomaji wenzangu mmeiona ikifanya kazi?

Na la pili, ambalo ndilo linaloninyima usingizi: dada hajanituma kitu tangu siku ile. Nimwombe mwenyewe anipe kazi nyingine, au kwanza nisubiri nijiamini?

Msomaji wako