Ulimbeba akiwa amelala

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unabaki na tiki moja. Naandika hapa kwa kuwa najua huwa unapita kusoma, hata usipoacha neno. Wasomaji wengine wataniwia radhi. Humu wamo waliolelewa na mama wakubwa, na wamo walioacha watoto wakaenda Uarabuni, hao watanielewa kabla sijamaliza.

Niliamka kuswali alfajiri nikakuta chandarua kimechomolewa upande mmoja, godoro lina joto bado, na ndala ndogo za mwanao hazipo mlangoni. Mpaka napata bajaji kwenda stendi ya Kange, basi la Dar lilikuwa limeshaondoka. Mimi kutoniaga si kitu, mimi ni mtu mzima. Lakini yule mtoto alifumbua macho njiani, sijui ni Segera au Chalinze, akajikuta mapajani mwa mtu aliyemfahamu kwa siku nne. Hilo nimejaribu kulisamehe, na kila nikitandika kitanda kile linarudi upya.

Na lile neno ulilosema usiku wa kuamkia siku hiyo. "Nilikuachia mwanangu, sikukupa." Mbele ya shangazi, mbele ya mtoto mwenyewe. Kisa mtoto aliniona natoka kwenda dukani akalia "Mama!", ukamvuta mkono ukamwambia mama yako ni mimi, huyo ni mama mkubwa. Kwetu tangu lini mama mkubwa si mama? Mama yetu alipougua mwaka ule tulilelewa na nani, na tulimwita nani? Alipopona alitukuta tuna mama wawili akacheka mpaka akakaa chini.

Sikumfundisha kukusahau. Kila Ijumaa nilimfungulia picha yako kwenye simu. "Huyu nani?" "Mama Maskati." Akakibusu kioo. Angewezaje kujua kwamba Mama Maskati ana mikono, ana harufu, ana sauti ya kugomba?

Uliniuliza mbona mtoto wa jirani alimkimbilia mamake, na wako akajificha nyuma ya kanga yangu. Kule New York, madaktari wa akili Alexander Thomas na mkewe Stella Chess walianza mwaka 1956 kufuatilia watoto tangu uchanga, miaka kwa miaka. Katika kila watoto 100, kama 40 walikuwa wepesi wa kuzoea, 10 wagumu, na 15 walihitaji muda: huchungulia kwanza, hurudi nyuma, kisha husogea wenyewe asipowasukuma mtu. Waliobaki walichanganya hulka. Wako ni wa wale 15, na kaitoa kwako. Umesahau wewe ulivyokuwa kwenye maulidi, umejifunika baibui la bibi mpaka watu wakaanza kuondoka, ndipo unatoka kudai halua? Hakuna aliyekuvuta. Bibi alisema mwacheni, atatoka, na ulitoka.

Haya niliyasoma chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu wa awali. Nilimsoma pia Mary Ainsworth, mtafiti wa watoto aliyemfuata mumewe Kampala mwaka 1954. Alisikia kwamba Waganda humpeleka mtoto kwa ndugu anapoachishwa ziwa, ili alisahau. Akataka kulichunguza hilo, akakuta desturi yenyewe imekwisha kufifia. Basi akakaa na familia 26 zenye watoto wachanga 28, akatazama tu: mtoto anatambaa kwenda kuchezea kitu, anageuka kuangalia kama mama yupo, anarudi kumgusa, anaenda tena. Aliona pia kwamba mtoto hushikamana na wengine nyumbani bila kumwacha mama. Baadaye, huko Baltimore, alitengeneza jaribio la chumbani. Mama anatoka dakika chache, anarudi. Kinachoangaliwa zaidi ni jinsi mtoto anavyompokea anaporudi. Wapo wanaolia, wakabembelezwa, wakarudi kucheza. Wapo wanaogeuza uso kana kwamba hawamjui. Watafiti waliokuja baadaye waliwapima hao mapigo ya moyo, wakakuta yanakimbia.

Ulipofungua begi, ukamtolea mwanasesere anayeongea, akageukia ukutani. Ukasema, "Hana habari na mimi." Mdogo wangu, nilikuwa nimemshika kifuani. Moyo wake nilikuwa nausikia kwenye kiganja changu.

Sasa na mimi niseme langu, maana najua umelingoja. Siku unaondoka, ni mimi niliyekwambia usimuage. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Nilisema akikuona na begi utamliza bure, toka akiwa amelala. Niliyajua yote haya, niliyafanyia mtihani nikafaulu, na bado nikakwambia hivyo, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa unatetemeka, na deni la wakala lilikuwa limeshaingia, na kama ungemwona analia usingepanda lile gari. Ningekwambia nini kingine? Siku tisa alikaa barazani anatazama geti. Kila bajaji ikipunguza mwendo anasimama. Siku ya kumi hakusimama tena. Majirani wakasema ameshazoea, na mimi nikakupigia nikakwambia ameshazoea, fanya kazi. Ulikuwa unalia chooni kwa madamu wako, sauti umeibana. Nikakudanganya. Ningefanya vile vile leo, nadhani. Sijui.

Lakini wewe ulirudi. Hukuwa na deni, hukuwa na ndege ya kuwahi. Ungekaa wiki tatu. Ungemwosha mimi nikiwa pembeni, ungemlisha mimi nikiwa pembeni, halafu mimi ningekwenda kulala kwa shangazi siku moja, siku mbili. Ningekuja naye Dar nikakaa nanyi mpaka ajue choo kiko wapi. Niliyapanga yote yale kichwani hata kabla hujatua. Hukunipa nafasi ya kukwambia.

Akishtuka usiku usimnyanyue mara moja, ita jina lake kwanza. Uji haunywi ukiwa na utando juu. Ukitoka kwenda sokoni muage, hata akilia, umwambie utarudi, na urudi kweli. Mlango usiufunge kwa kishindo.

Ijumaa natuma kifurushi kwa basi, namba ya kondakta nitamwachia shangazi. Ndani kuna ile kanga uliyoacha kitandani ulipoondoka, ndiyo aliyokuwa analala nayo. Mwezi wa kwanza niliifua kwa sabuni, akaitafuta harufu yako akaikosa, akalia mpaka akapata homa. Sijaifua tena tangu hapo. Ijifunge wewe siku mbili, ndipo umpe.