Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vigamba, Tabaka na Pipa Lililovimba

Ndugu wanachama,

Habari za fedha mtazipata kwa mweka hazina, na za wanachama wapya kwa katibu. Mimi nitasema juu ya kazi moja iliyotula karibu mwaka mzima: kwa nini rangi ya silva ya kopo moja inawaka mikononi mwa fundi huyu, kwa mwenzake inatoka kama majivu.

Mwaka ulipoanza wengi wetu tulilaumu vigamba vya alumini vyenyewe, vile vipande vidogo bapa vinavyoipa rangi ya silva mng'ao wake, nami nilikuwa wa kwanza kutaka tubadilishe msambazaji. Kamati ya ufundi ikatunyamazisha kwa vibao viwili. Rangi ile ile, bunduki ile ile ya kupulizia. Kibao cha kwanza kilipigwa tabaka mbili nyepesi, la kwanza likaachwa lipungue ubichi ndipo la pili likafuata. Cha pili kilipigwa tabaka moja zito. Tukaviegemeza dirishani. Cha kwanza ukikitazama usoni kinameta, ukikiinamisha kinakuwa cheusi kama risasi. Cha pili ni kijivu kila upande, tena kina mawingu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma aliuliza mara mbili kama kweli ni rangi moja.

Ni moja. Kigamba kwa kawaida kina upana wa mikroni 5 hadi 50, na unene usiofika mikroni 1; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kikilala sambamba na uso wa kibao ni kioo. Kikisimama kwa ukingo kinatawanya mwanga tu. Kinacholaza vigamba ni kusinyaa kwa rangi. Thina au maji yanapotoka, rangi inashuka na kuvikandamiza, kama majani yanavyotuama dimbwi likikauka. Tabaka likiwa zito linabaki bichi muda mrefu, thina inapopanda juu inazungusha vigamba, na hapo ndipo mawingu yanapozaliwa. Kwa sababu hiyo hiyo rangi zenye yabisi nyingi, yaani zenye thina au maji kidogo, zinasumbua: zinasinyaa kidogo. Watengenezaji huongeza nta, au resini (kiungo kinachoshikisha rangi) ya selulosi asetati butirati, ili rangi ikaze mapema na vigamba visipate nafasi ya kugeuka tena. Na wewe unayeharakisha vanishi juu ya tabaka bichi, unavisimamisha upya vigamba ulivyotoka kuvilaza.

Kwenye kukoroga tumejiharibia wenyewe. Mashine ya kasi yenye sahani ya meno inakunja na kuvunja vigamba. Kigamba kilichovunjika kinaongeza kingo, na kingo ndizo zinazoleta ukijivu. Uji wa alumini, yaani vigamba vinavyouzwa vikiwa rojo, uloweke kwanza kwenye thina inayoendana na rangi yako, uukoroge polepole kwa pedeli pana kama kasia, ndipo uingize resini kidogo kidogo. Najua inachosha. Anayeona anapoteza muda akavitazame vibao.

Sasa pipa. Wanachama wanaotumia rangi za maji wameuliza kilichotokea stoo, na jibu ni kwamba kosa ni langu. Niliidhinisha uji wa kawaida, uliokusudiwa rangi za thina, uchanganywe kwenye rangi ya maji. Alumini ikikutana na maji inatoa gesi ya haidrojeni, na rangi nyingi za maji zina kemikali iitwayo amini, inayopandisha pH (zinakuwa na ubesi zaidi) na kuchochea jambo hilo. Baada ya siku chache mfuniko ulikuwa umetuna kama shavu la mpiga zumari. Tulifungua madirisha, tukazuia moto na swichi, tukaulegeza taratibu. Hakuna aliyeumia. Tangu siku ile rangi ya maji inapewa tu vigamba vilivyovikwa ganda la silika (madini ya mchanga) au kutibiwa kwa kemikali ya fosfeti, ili maji yasiiguse alumini, na mapipa yake yana mfuniko wenye tundu la kupumulia. Vigamba vyenye ganda la silika ni ghali zaidi, na mng'ao wake hupungua kidogo ganda likiwa nene. Nimeukubali upungufu huo.

Kuna waliopendekeza turudi kwenye vigamba vinavyoelea, vile vilivyopakwa asidi ya steariki. Kweli vinapanda juu na kung'aa kama kromu. Lakini pitisha kidole uone kinavyotoka na silva, na vanishi haivishiki vizuri. Kwa paa na matangi sawa. Kwa bodi la gari sikubali.

Kupima pia kumebadilika. Kipimo cha rangi cha pembe moja kiliviona vibao vyetu viwili kama ndugu, wakati macho yanaona wageni. Tumeazima kifaa cha pembe nyingi, na kuanzia sasa sampuli inasomwa walau kwenye digrii 15, 45 na 110. Kununua chetu ni juu yenu kwenye mkutano.

Vibao vile viko ofisini kwa katibu. Anayeazima aandike daftarini, maana kile kizuri kimeshapotea mara moja, na kibaya hakuna aliyekitaka.