Anayesomea mazingira afundishwe kuongea na mwanakijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloniumiza tangu nimalize shahada yangu ya usimamizi wa mazingira.

Mwaka wa mwisho wa masomo nilifanya mafunzo kwa vitendo na timu iliyokuwa ikitathmini athari za mradi wa machimbo ya kokoto. Siku ya mkutano wa kijiji rasimu ya ripoti ililetwa, kitabu kinene, karibu chote Kiingereza, kikawekwa juu ya meza ya mtendaji. Mzee mmoja alikuja akakifunua mpaka kwenye ramani, akaweka kidole. "Mwanangu, kisima chetu kiko upande gani hapa? Wakishachimba, maji yatabaki?"

Jibu lilikuwamo mle ndani na nilikuwa nimelisoma. Lakini miaka mitatu yote nilisoma namna mvua inavyopenya ardhini bila kutakiwa hata siku moja kuieleza kwa Kiswahili. Maneno hayakuja. Nikamwambia, "Wataalamu wameshaliangalia, mzee." Alifunga kile kitabu taratibu, akarudi kukaa, na hakuuliza tena.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe, na kanuni za tathmini zinadai muhtasari mwepesi kwa Kiswahili pia. Siku ile muhtasari huo ulikuwepo, kurasa chache za tafsiri ya neno kwa neno ambayo hata mimi niliyejua kilichokusudiwa nilihangaika nayo. Aliyeuandika simlaumu sana. Naye alisoma kama nilivyosoma mimi.

Chuoni tulifundishwa sera za maendeleo endelevu kana kwamba zimeshuka kutoka kwenye mikutano ya kimataifa. Shinyanga ilipita katika mhadhara mmoja tu, nayo ilistahili muhula mzima. Misitu ya kule ilifyekwa ili kutokomeza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Miche ya bustanini ilisaidia, lakini kilichorudisha miti kwa wingi ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi, nyasi za kwingine zikiisha. Ukilifunga, visiki na mizizi iliyobaki ardhini huchipua yenyewe. Faini za wakiukaji zilipangwa katika dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wenyeji, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakalinda. Mpaka mradi unafikia kikomo mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa. Kazi yote hiyo ilijadiliwa kwa lugha ambayo kila mwenye ng'ombe aliielewa, na ndiyo maana watu waliitii.

Ombi langu kwa vyuo vyetu ni moja. Mwanafunzi akirudi kutoka mafunzo kwa vitendo, asipewe alama zote kwa ripoti ya Kiingereza peke yake. Arudishwe kijijini alikofanyia kazi, asimame mbele ya wenyeji, aeleze kwa Kiswahili alichokikuta na ajibu maswali yao, mwalimu wake akiwa amekaa pale anasahihisha. Nauli ya basi itahitajika, najua. Ila serikali za vijiji zinaombwa kila siku kutoa maoni juu ya machimbo, mabwawa na mashamba makubwa, na mtu hawezi kutoa maoni juu ya kitu ambacho hajaelezwa.

Yule mzee nilipaswa kumwambia hivi: "Kisima chenu kinapata maji kutoka mvua inayonyesha kwenye kile kilima na kuzama ardhini, baba. Kilima hichohicho ndicho wanachotaka kukichimba." Nusu dakika ingetosha.

Mhitimu wa Usimamizi wa Mazingira,
Dodoma